Chupa ya Kaburi la Elia

Kabla hamjasoma mbali, vijana wangu wa idara ya afya, niwaambie mapema kwamba humu hamtakuta habari za vyeo wala mshahara. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua wenyewe. Mliniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi ya bwana afya, Tunduma kwanza na baadaye bondeni Momba, hasa mambo ya kubana matumizi ya maji na kupunguza chupa za plastiki, ambayo mnapenda kusema nilikuwa bingwa wake. Nitaandika. Ila ndani ya ubingwa huo kuna kaburi la mtu, na safari hii sitalizunguka.

Nilianzia Tunduma, pale malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Zambia. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe. Mzee Silwimba, bwana afya niliyepangiwa kujifunza kwake, alinitazama kuanzia kola hadi viatu, akasema, "Karibu sana. Leo tunaokota chupa." Tukaokota tangu mkia wa foleni hadi kichwani, gunia mgongoni. Madereva walikuwa wakikaa pale hata siku tatu, wakinunua maji ya chupa na kuita "amenshi, amenshi", yaani maji kwa Kibemba, kwa kina mama wa upande wetu, na chupa zikishaisha zinatupwa chini. Nyingine zilikuwa tupu. Nyingine zilijaa kitu chenye rangi ya chai ambacho si chai. Nilipotaka kufungua ya kwanza nimwage, mzee alinishika mkono. "Taratibu, mwanangu. Hujui hiyo imebeba nini." Kina mama walikuwa wanaziokota hizohizo, wanazisuuza haraka na kuzijaza maziwa, mafuta ya kula au maji ya mtoto kwenda nayo shule. Nyingine zilitoka Mbozi zikiwa zimeshawekwa dawa ya kunyunyizia kahawa. Jioni ile shati langu halikuwa jeupe tena, na sikuwahi kuvaa jeupe kazini mpaka nilipostaafu.

Mzee Silwimba alikuwa na vifaa vitatu: kikombe cha bati cha nusu lita, kipande cha mkaa, na fimbo nyembamba ya chuma yenye urefu wa mtu. Kikombe cha kupimia maji yanayotumika nyumbani, mkaa wa kuchora alama pale maji yalipofikia kwenye mtungi au dumu, fimbo ya kupimia kina cha choo. Akiingia kwenye boma la mtu haanzi kuhubiri. Anaomba maji ya kunywa, kisha anatazama yanachotwa wapi, na kwa mkono gani. Hotuba alizichukia kabisa. "Kwanza pima," alikuwa akiniambia, "halafu andika, halafu rudi uwaambie wenyewe. Usiporudi, ulikwenda kutembea tu." Neno hilo la kurudi nililisikia mara nyingi mno hadi likanichosha.

Mambo tuliyofundisha ni haya ambayo hata ninyi mnayafundisha. Kibuyu chirizi mlangoni mwa choo, kwa sababu kidumu cha lita tano kilichofungiwa kamba kinanawisha familia siku nzima, wakati bomba lililoachwa wazi linamaliza ndoo kabla mtu hajapata sabuni. Maji ya kusuuzia vyombo yasimwagwe, yaende kwenye mboga. Mtungi ufunikwe. Kikapu cha ukindu sokoni badala ya mfuko. Tuliwahi kuletewa mabango ya kupiga vita plastiki, na kila bango lilikuwa limefungwa kwenye nailoni yake. Mzee alizikunja zile nailoni moja moja, akaziweka kwenye droo, akasema watakuja kuziulizia.

Alipostaafu aliniachia ile fimbo. Baadaye nikahamishiwa Momba, upande wa Msangano, ambako kiangazi kikikaza hata mbuzi wanatembea kwa unyonge. Kitongoji ninachokizungumzia, ambacho jina lake sitalitaja, kilikuwa na kisima kimoja cha pampu ya mkono. Kina mama walipanga foleni tangu alfajiri. Chupa za plastiki, kwa upande wake, zilikuwa zimejaa: kila gulio lilimwaga nyingine, na watu walizichoma nyuma ya nyumba mpaka watoto wanakohoa. Ndipo nikawaletea mbinu yangu ya chupa, ambayo niliijaribu nyumbani kwangu mwaka mzima kabla sijaitoa.

Mnaijua. Unatoboa kizibo kwa sindano ya moto, tundu moja tu. Unaijaza chupa maji ya kusuuzia, unaipindua na kuifukia shingo karibu na mche. Udongo unakunywa kadiri unavyokauka, na chupa ya lita moja na nusu inakaa siku nne, tano, hata sita. Kila inapovuta hewa inatoa povu moja kubwa. Inasema bwi, kisha inanyamaza. Tundu likiwa dogo sana chupa haipati hewa ya kutosha, basi inabonyea mbavuni, pande zote mbili, kama mashavu ya mtu anayenyonya. Hilo nalo niliwaambia, nikadhani limetosha.

Kitongoji kizima kiliipokea. Mipapai ikasimama, mchicha ukapatikana mwezi wa kumi. Kisha mzee mmoja aliyekuwa amepanda mwarobaini kichwani mwa kaburi la mkewe, na asiyekuwa na nguvu za kubeba ndoo kila siku, akafukia chupa pale. Lilikuwa wazo zuri, hata mimi nilimsifu. Wiki mbili baadaye makaburi karibu yote yalikuwa na mche na chupa.

Makaburi hayo yapo mteremkoni, kando ya njia iendayo kisimani. Siku moja saa saba mchana nilikuwa nateremka na pikipiki, nikawakuta kina mama wanne wamesimama na ndoo zao kichwani. Mmoja akanipungia mkono. "Zima, Bwana Afya. Hapa tunapita kwa miguu." Nikazima. Hapakuwa na upepo hata kidogo, na majani ya mwarobaini yalikuwa yametulia tuli. Kisha nikasikia bwi, kutoka upande wa kushoto. Nyingine ikajibu huku chini. Nyingine juu. Kimya kikarudi, kirefu, halafu plastiki ikalia ka, kwa lile joto, na chupa iliyokuwa mbele yangu ikabonyea mashavu huku naitazama.

"Si unasikia mwenyewe?" yule mama aliniuliza. "Wanakunywa."

Nilimweleza habari ya hewa na tundu la sindano. Alinisikiliza kwa adabu, akanishukuru, kisha akauinua mkono hadi kwenye ndoo yake akanyunyiza matone kando ya njia kabla ya kupita. Mimi ndiye niliyezitoboa zile chupa, wengi niliwashikia sindano kwa mkono wangu, na bado niliisukuma ile pikipiki mpaka nikayapita makaburi yote ndipo nikaiwasha.

Tangu hapo watu wakaanza kuwasoma marehemu wao kwa chupa. Anayekunywa polepole, ametulia. Anayekunywa haraka ana jambo. Na chupa moja ilikuwa inaisha kila siku, tena kabla ya saa nne asubuhi: ya kaburi la Elia.

Elia alikuwa mkulima wa mtama na alizeti, mtu mcheshi, niliyefahamiana naye sana. Alifariki mwezi wa sita baada ya kuvimba mwili. Zahanati ilimpa vidonge vya kumkojoza ili maji yatoke mwilini, ikaagiza asinywe zaidi ya kikombe kimoja kwa siku mpaka uvimbe ushuke. Agizo hilo nilimfikishia mkewe, Mama Neema, mimi mwenyewe, na nikamsisitizia asilegee hata mumewe akilia. Hakulegea. Majirani walimsikia Elia akiomba maji na mkewe akimwambia hapana. Yohana, mdogo wake Elia, alikaa nje ya dirisha akasikia yote. Sasa kaburi lilikuwa linakunywa kuliko makaburi yote, na Yohana aliitisha kikao cha ukoo Jumamosi. Kila mtu alijua kitakachoamuliwa: mwanamke arudi kwao, watoto watatu wabaki.

Nilimfuata Mama Neema nyumbani. Nilimkuta anafunga kata ya kuwekea ndoo, anajiandaa kwenda kisimani mara ya pili. Neema, binti yake wa miaka sita, alikuwa amelala mkekani, midomo imepasuka. Alikuwa anaharisha kwa siku ya tatu. Maji ya pampu yalikuwa yanakwenda kaburini, na watoto walikuwa wanakunywa ya bwawa la ng'ombe.

"Nikimjazia asubuhi, saa nne imekwisha," aliniambia. "Nikirudia, imekwisha. Bado ana kiu, Bwana Afya."

"Na watoto, mama?"

"Watoto wakishikwa na kiu wataomba. Yeye hawezi tena."

Nilimchanganyia Neema chumvi ya kurudisha maji mwilini kwa maji niliyoyabeba mwenyewe, nikamwekea mama yake vidonge vya kutibu maji, nikamwomba siku tatu za kulichunguza lile kaburi. Alikubali, lakini macho yake hayakunitazama.

Sasa ngoja niandike jambo ambalo kwa miezi minne sikuliandika popote. Jumatatu ya wiki aliyofariki Elia, nilipita kwao nikaona miguu yake imenywea, vifundo vinaonekana. Nikaenda zahanati nikatoa taarifa. Mganga akasema vizuri sana, vidonge visimame leo, na anywe maji kadiri ya kiu yake, mrudishie mkewe habari leo hii. Simu ya Mama Neema ilikuwa mbovu, na bondeni mtandao haupatikani mpaka upande kichuguu. Ilibidi nirudi kwa pikipiki, nusu saa tu. Lakini nilikuwa nimealikwa Iyula kwenye semina, kwa wakulima wa kahawa, kuonyesha mbinu yangu ya chupa, na gari la kunichukua lilikuwa limefika. Nikajiambia nitapeleka ujumbe nikirudi. Semina ikaongezwa siku, nikapigiwa makofi, nikapigwa picha nimeshika chupa. Niliporudi Ijumaa nilikuta watu wanatoka mazikoni. Elia alikuwa amekata roho Alhamisi, bado anapewa vidonge, bado anapimiwa kikombe kimoja. Siku nne nilisimama mbele ya wakulima nikieleza jinsi mche unavyonyweshwa kidogo kidogo usife.

Mganga alihamishwa mwezi huohuo, hakuniuliza kitu. Nami nikanyamaza.

Basi nilikwenda kwenye kaburi lile asubuhi tatu mfululizo. Nilipima kama Mzee Silwimba alivyonifundisha. Nilichora alama ya mkaa kwenye chupa ya Elia na kwenye chupa ya kaburi la jirani yake, nikakaa chini katikati yao. Ya jirani haikushuka hata unene wa kidole. Ya Elia ilishuka ninaiona. Nikazibadilisha, labda tundu lilikuwa kubwa. Chupa ya jirani ikaisha pale kwa Elia, na ya Elia ikatulia tuli kwa jirani. Kwa hiyo tatizo halikuwa chupa. Nawaambia ukweli, vijana, niliogopa. Niliwahi kuwacheka watu kwa mengi. Lakini nilipokuwa nimekaa pale nilianza kuhesabu bila kupenda. Bwi nne, kimya. Bwi nne, kimya. Nilisogea, nikakaa upande mwingine, nikahesabu upya. Nne. Hadi leo sina maelezo ya hilo, na sijayatafuta sana.

Siku ya pili nilimwomba mama yake Elia ruhusa ya kuchoma fimbo pembeni mwa kaburi. Alikuwa bibi mkavu, asiye na maneno mengi, akakubali kwa kichwa. Niliiweka fimbo kwenye udongo uliokuwa mgumu kiasi cha kukataa jembe. Sikuisukuma. Ilizama yenyewe, mkono mzima, kisha ikasimama. Kwenye lile tundu ilitoka hewa ya baridi, ikanipiga usoni, ina harufu ya mtungi mpya. Nilipoichomoa ncha yake ilikuwa imelowa. Yule bibi alirudi nyuma hatua mbili, akasema kitu kwa Kinamwanga ambacho sikuthubutu kumwomba akirudie.

Siku ya tatu akili ilinirudia. Nilifukia chupa sita kwa mstari, hatua mbili mbili, kutoka kaburini kwenda kwenye kichuguu kikubwa kilichokuwa nyuma, na nyingine sita kuelekea upande usio na kitu. Kufika mchana zile za kwenda kwenye kichuguu zilikuwa zimebonyea na kuisha zote. Nyingine zilibaki zimejaa. Nikavunja kipande cha kichuguu. Nje kilikuwa kikavu kama tofali, ndani tope bichi linang'aa, na mchwa wamejaa, kila mmoja na kidonge chake cha udongo wenye maji. Chini ya kaburi palikuwa na njia yao. Walikuwa wanajenga kwa maji ya Elia.

Kikao kilikaa kwa Yohana, Jumamosi saa nne. Walikuwepo wazee wa ukoo, mama yake Elia, mwenyekiti wa kitongoji, na Mama Neema mkekani peke yake, miguu ameinyoosha mbele. Nikawatoa wote hadi makaburini, nikawaonyesha chupa, mstari, kichuguu. Mwenyekiti aliingiza mkono kwenye lile tope akautoa umelowa, akacheka kwa sauti. Wengine wakacheka naye, kile kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi wiki nyingi. Nilijua nimeshinda. Nilijua pia kwamba nikiaga wakati ule ningeondoka na heshima yangu yote.

Tuliporudi kukaa, Yohana ndiye hakucheka.

"Mchwa nimewaona," alisema. "Bwana Afya, hapo nakubali. Lakini mchwa hawakuwepo siku zile za mwisho. Mimi nilikuwepo, hapo dirishani. Kaka yangu aliomba maji akanyimwa. Uvimbe ulikuwa umekwisha, nilimwona kwa macho yangu, amebaki ngozi, ulimi umekauka. Mtu wa namna hiyo unamnyimaje maji? Hilo anijibu yeye."

Watu wote walimgeukia Mama Neema. Alifungua mdomo, akanitazama mimi. Hakuwa ananishtaki. Alikuwa anangoja niwaambie kwamba lilikuwa agizo la zahanati, kwa kuwa ndivyo alivyojua. Na ningeweza kusema hivyo tu, nusu hiyo, nayo ingekuwa kweli. Nilisimama kwa sababu nikiwa nimekaa nisingeweza.

Nikawaambia yote. Jumatatu, mganga, maneno aliyonituma, gari la Iyula, semina, makofi. Sikuyapamba. Mkubwa wangu wa kazi naye nilimpelekea kwa maandishi wiki iliyofuata, na adhabu niliyopewa ilikuwa ndogo kuliko nilivyostahili. Lakini pale uani hakuna aliyenipigia kelele. Ningependa wangepiga. Yohana aliketi taratibu, akaweka kofia yake magotini.

"Shemeji," alisema, "nisamehe mimi. Nyumba ni yako na watoto ni wako. Wazee mmesikia."

Wazee wakaitikia. Mama yake Elia ndiye aliyebaki ananitazama.

"Kwa hiyo alikuwa ameruhusiwa kunywa," aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Tangu Jumatatu."

"Tangu Jumatatu."

Mama Neema hakuwa amelia msibani, na hilo nalo walikuwa wamemhesabia kosa. Aliivuta miguu yake akaikunja, akaanza kuipangusa kanga magotini kana kwamba kuna vumbi, akiipangusa palepale kwa muda mrefu. Nilidhani atanitukana, nikajiandaa.

"Jumanne aliomba mara tatu," alisema, si kwangu wala kwa mtu yeyote pale. "Jumatano hakuomba. Nikamshukuru Mungu, nikajua ameanza kuzoea."